Vidonge vya Jumatatu

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu zikufikie huko kwenye baridi yako, na zikukute mzima, kikohozi kimeshakuacha. Huku sote tunapumua. Mimi nimeamka saa kumi na mbili, vidole vyangu vimeamka saa mbili. Ndivyo tunavyoishi siku hizi, kila mmoja na ratiba yake.

Usinipigie simu kuhusu barua hii. Kwenye simu unanikatiza. Kwenye karatasi utanisikiliza mpaka nukta.

Leo nilikuwa kliniki. Nimekaa kwenye benchi la mbao tangu saa moja hadi saa sita na robo. Nikaingia. Yule daktari kijana mwenye kalamu tatu mfukoni hakuinua macho. "Vidole vinauma?" Vinauma. "Asubuhi vinakakamaa?" Vinakakamaa. "Endelea na vidonge vya Jumatatu, tutapima ini mwezi ujao." Nikamwambia nina swali. Akasema, "Mama, nje kuna watu sitini." Dakika tatu! Nimeipima kwa saa ya ukutani. Mwaka wa pili huu namwita Daktari Dakika Tatu nyuma ya mgongo wake. Leo nimemwita hivyo usoni. Hakucheka.

Na swali langu halikuwa la kijinga. Wananiambia kinga ya mwili wangu imegeuka, badala ya kupigana na wadudu inapigana na viungo vyangu mwenyewe. Sawa, nimesoma, nimeelewa. Lakini mlinzi aliyekulinda miaka hamsini na mbili akianza kukupiga marungu, utampa dawa ya usingizi tu? Humuulizi kulikoni? Hospitali nzima ile, ghorofa tano, hakuna mtu mmoja anayetaka kujua kulikoni.

Sasa sikia. Mteja wangu mmoja, wakili, alipokuja kupima joho aliniona nashika mkasi kwa mikono miwili kama mtoto. Akanielekeza kwa daktari mmoja, ofisi yake iko juu ya duka la rangi. Huyu ni daktari kamili, amesoma kama wenzake, lakini anatibu kwa kutafuta chanzo. Wagonjwa wake wanamwita Daktari Kwanini. Amenisikiliza saa moja na nusu. Alitandaza karatasi ndefu mezani, akachora mstari, huku nimezaliwa, huku leo, akajaza katikati: homa za utotoni, dawa nilizomeza, mwaka baba yako alipofariki, usingizi, chakula, choo, hata fizi. "Fizi zinatoka damu?" Nikasema tangu lini daktari wa vidole akauliza fizi? Akasema, "Mwili ni mmoja, mama."

Mwanangu, nilitaka kulia. Si kwa uchungu. Kwa kusikilizwa.

Nimekata shauri. Mkono huu wa kulia umekata majoho ya nusu ya mawakili wa mji huu. Siutoi kwa ugonjwa bila vita.

Mama yako


19 Februari

Shikamoo Mama,

Kikohozi kimeondoka, baridi haijaondoka, kazi haiishi. Maabara wameniweka zamu ya asubuhi, kwa hiyo damu ya mji mzima inapita mikononi mwangu kabla sijanywa chai. Nakushukuru kwa barua. Nimeisoma mpaka nukta, kama ulivyoamuru, na sasa ni zamu yako kusoma bila kunikatiza.

Kwanza, kumwita daktari Dakika Tatu mbele yake! Mama, huyo ndiye anayesoma kipimo cha ini lako. Mtu hatukani mamba kabla hajavuka mto.

Pili, sidharau kusikilizwa kwako. Kulala mapema, kupunguza sukari, kutembea, kula mboga, nani atakataa? Ila nimecheka kwenye fizi. Samahani, nimecheka sana. Kesho atakuuliza kuhusu kucha za bibi.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike barua badala ya kulala. Vidonge vya Jumatatu. Fanya yote anayokwambia, kula majani kama mbuzi, lala na kuku, lakini vidonge hivyo usiviguse. Yaani, viguse kila Jumatatu kama kawaida. Ndivyo vinavyomzuia huyo mlinzi wako asivunje nyumba wakati ninyi wawili mnamuuliza kulikoni.

Nijibu hilo tu: unameza?

Mwanao


6 Machi

Mwanangu mjuaji,

Salamu na baraka. Mimi ni mzima kuliko jana, na jana nilikuwa mzima kuliko juzi. Shoga wangu wa Pasi, anayepiga pasi nguo zangu hapa karakana, anakusalimu, anasema umekonda kwenye picha, na kwamba Ulaya ya watu si sababu ya kukaa na njaa.

Mamba gani? Mimi nilikwisha vuka mito ulipokuwa bado hujui kufunga viatu.

Sasa nikupe taarifa za vita. Ngano nimeondoa. Maziwa nimeondoa. Sukari, mayai, soda, vyote nje. Mpango ni wiki sita bila hivyo vyote, kisha kurudisha kimoja kimoja na kuangalia ni kipi kinachokera mwili. Nina daftari: nimekula nini, nimelala saa ngapi, vidole vimefunguka saa ngapi. Asubuhi Shoga wa Pasi alinipitishia mkate wa moto chini ya pua kwa makusudi, kunijaribu. Nikamwambia, "Shetani ana sura nyingi, leo kaja na aproni." Tulicheka mpaka pasi ikaunguza kola ya mtu.

Nalala saa tatu. Natembea asubuhi nusu saa. Na nimesoma kitabu kizima juu ya utumbo, kurasa mia nne. Sikujua mtu anaweza kubeba mji wa viumbe tumboni na wasilipe kodi. Unajua kinachonikasirisha? Kwamba mambo haya yapo, yameandikwa, na kwenye lile benchi la mbao hakuna aliyeniambia hata sentensi moja. Kama mgonjwa ni fundi cherehani basi ameze na anyamaze! Mimi sitanyamaza. Jumanne nilikata joho zima peke yangu, kitambaa kizito, bila kupumzika.

Kuhusu mengine uliyouliza, usiwe na wasiwasi. Mama yako anajua anachofanya.

Mama


17 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Hukujibu.

Mwanao


21 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Nilikuwa naisubiri siku ya kukuandikia hivi, nikiwa na ushahidi mkononi. Mkononi kweli. Angalia mwandiko huu. Miaka miwili hujauona umenyooka namna hii.

Sasa nakujibu. Simezi vidonge. Niliacha siku ileile nilipoanza chakula kipya, tarehe kumi Februari. Na kabla hujaanza kupiga kelele, nisikilize, maana sikuacha kwa uvivu. Nimeacha kwa kanuni.

Unaijua kazi yangu. Koti likivuta begani, fundi mchanga anaongeza mshono juu ya mshono, anabana hapa, analegeza pale, mwisho koti linakuwa gunia. Fundi wa kweli anafumua. Bitana ya ndani, kola, mikono, yote. Anatandaza vipande mezani, anaona kosa liko wapi, ndipo anaanza kushona upya. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyofundisha wengine. Nitamjuaje adui wangu ikiwa vidonge vimefunika kila kitu? Nimefumua yote kwa mpigo. Daktari Kwanini aliponiuliza kwenye fomu kama naendelea na dawa za hospitali, niliandika naendelea. Angenizuia tu, na mimi sipendi kuzuiwa. Dakika Tatu sijamuona. Nimeruka kliniki yake ya Machi.

Na matokeo? Vidole vinafunguka kwa robo saa. Kile kichefuchefu cha kila Jumanne kimekwisha. Nimepungua kilo nne. Jumamosi iliyopita Daktari Kwanini, ambaye kila mwezi huwa na mkutano na wagonjwa wake kwenye ukumbi wa maktaba, aliniomba nisimame niseme maendeleo yangu. Unanijua. Nilisimama.

Nilisema dakika ishirini. Nilianza na lile benchi la mbao, watu wakaguna. Nikaja kwenye chakula, wakaandika. Mwishowe daktari alipotoka nje kupokea simu nikawaambia kwa sauti ya chini, kama siri ya familia, kwamba na vidonge nimeviacha, na mikono hii hapa, itazameni. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mwalimu mmoja wa chekechea, dada mpole, ambaye kinga yake inashambulia figo, alikuja kunishika mikono akaigeuza huku na huku kama mnunuzi wa kitambaa. Akasema, "Mama, umenitoa gizani."

Haya. Sema sasa.

Mama yako


2 Mei

Mama,

Shikamoo. Sikuulizi hali, maana nimeshaambiwa, na sikuiamini.

Nitasema polepole.

Vidonge vile havitoki mwilini siku unayoviacha. Nguvu yake hukaa wiki nyingi, hufifia kidogo kidogo. Robo saa unayojivunia inawezekana kabisa ni kazi ya vidonge vya Januari. Kichefuchefu kimekwisha kwa sababu umeacha kinachokupa kichefuchefu, basi. Na chakula kizuri na usingizi vinasaidia, sikatai. Lakini umeondoa vyakula vitano kwa siku moja, na vidonge vikawa cha sita, halafu unajua kipi kimefanya nini? Hata mimi nikipima damu, nabadilisha kitu kimoja kwa wakati. Wewe ndiye uliyenifundisha kupima mara mbili nikate mara moja!

Na kanuni yako ya ufundi, Mama. Ni nzuri. Nimekua chini ya meza yako nikiokota vifungo, naijua. Lakini koti lililofumuliwa linalala mezani. Unaweza kwenda kula, ukalala, ukarudi wiki ijayo, vipande viko palepale vinakusubiri. Mwili haulali mezani. Ukiufumua unaendelea kutembea, na huyo mlinzi mwenye marungu anaendelea na kazi. Mfupa ukiliwa, haushoniki.

Unisamehe kwa ukali. Sina ukali mwingine zaidi ya ule ulionirithisha.

Ninakuomba mambo mawili. Nenda kliniki, useme ukweli. Nenda kwa Daktari Kwanini, useme ukweli. Na la tatu, ambalo siliombi, nalidai: yule mwalimu wa chekechea. Figo si vidole. Mtafute leo. Si kesho, leo.

Mwanao


14 Juni

Mama,

Shikamoo. Wiki sita. Nikipiga simu unasema "niko kazini, niko salama," unakata. Sauti yako ni ya mtu aliyeketi. Wewe hujawahi kuongea kwa simu umeketi.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao anayekupenda


9 Julai

Mwanangu,

Salamu. Utaona mwandiko si wangu. Anaandika Shoga wa Pasi, mimi nasema. Nimemwapisha aandike ninachosema na asiongeze chake.

(Naongeza changu: shikamoo isikusumbue, hujambo mwanangu. Mama yako hawezi kushika kalamu. Hawezi kushika kijiko. Anafikiri sitaandika hili.)

Ilianza mwisho wa Mei. Nilidhani ni kazi nyingi, majoho ya wahitimu. Kisha asubuhi moja vidole havikufunguka saa mbili, wala saa nne, wala mchana. Baada ya vidole, viwiko. Baada ya viwiko, magoti, ambayo ugonjwa huu haukuwahi kuyagusa. Nikasema ni mwili unajisafisha. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mwili ukijisafisha huuma kwanza. Nikaondoa vyakula vingine vitatu.

(Alibaki anakula viazi vitamu na samaki wa kuchemsha. Nilimwambia hata paka wa jirani anakula vizuri kuliko wewe. Akanirushia futi ya kupimia, haikufika.)

Barua yako ya Mei niliipata. Niliisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya cherehani. Nilikasirika wiki nzima. Si kwa sababu ulikosea.

Yule mwalimu sikumtafuta. Nilijiambia ni mtu mzima, ana akili zake. Niandikie hilo vizuri, Shoga, usilipambe. Nilijiambia kwamba nikimfuata nitakuwa nimekiri.

Jana dada yake alikuja karakana. Sikumjua. Alisimama mlangoni, akauliza, "Wewe ndiye mama wa majoho uliyezungumza maktaba?" Nikasema ndimi. Akasema mdogo wake amelazwa wiki ya pili, amevimba miguu na uso, mkojo una damu, figo zinakataa. Aliacha dawa zake siku tatu baada ya mkutano. Alikuwa amenakili maneno yangu yote kwenye daftari, na kwa juu ameandika "fumua yote." Hakunitukana. Angenitukana ningejua la kumjibu.

Mwanangu, nimebishana na watu maisha yangu yote, na mara nyingi nilikuwa na haki. Sasa sijui mtu anafanya nini asubuhi inayofuata.

(Analia. Sijawahi kumwona akilia. Njoo au andika, lakini fanya haraka.)

Mama


20 Julai

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Pole. Pole sana kwa maumivu, na kwa hayo mengine ambayo hayana dawa ya kumeza. Kuja siwezi kabla ya Desemba, hawajanipa likizo. Kwa hiyo nafanya kinachowezekana kwa karatasi, na barua hii namtumia Shoga wa Pasi kwa njia ya haraka ili akusomee kwa sauti kubwa, mbele ya cherehani.

Asubuhi inayofuata, mtu anavaa viatu. Shoga akuvishe.

Unakwenda kliniki. Humwiti mtu jina la utani. Unasema: niliacha dawa tarehe kumi Februari, sikumwambia mtu, magoti yameanza Juni. Maneno hayo tu, dakika moja, zitabaki mbili. Usianze vidonge mwenyewe kutoka kwenye chupa ya zamani. Wakupime damu kwanza.

Kisha unapanda ngazi za duka la rangi. Unamwambia na yule. Mwombe ule mstari wa maisha yako, aufupishe ukurasa mmoja, umpelekee Dakika Tatu. Nilipokuwa nakasirika nilitafuta kuhusu fizi ili nikuonyeshe upuuzi wake. Mama, si upuuzi. Wapo watafiti wanaochunguza kwa miaka uhusiano wa fizi zilizooza na ugonjwa wako. Hawajamaliza kubishana, lakini si jambo la kuchekwa, na mimi nililicheka. Kwa hiyo nenda na kwa daktari wa meno. Alikuuliza swali ambalo mimi na hospitali yangu hatukuuliza. Ana hoja yake. Lakini na vidonge vina kazi yao.

Halafu yule mwalimu. Hapo sina ushauri. Hapo wewe ni mkubwa kuliko mimi.

Mwanao


25 Septemba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mwandiko ni wangu, na ni mbaya, na nimetumia siku nne kwa kurasa hizi. Usinihurumie. Natumaini u mzima, unakula, na umepata godoro jipya.

Nilifanya ulivyosema. Dakika Tatu alisikia tarehe yangu, akaweka kalamu chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali wake, nimebeba majibu sita. Akasema, "Kwa nini hukuniambia?" Nikasema, "Ulikuwa na watu sitini nje." Kisha akasema, "Ni kweli. Na wewe ulikuwa mmoja wao." Alinikagua vidole kimoja kimoja, dakika ishirini na tano, watu nje wakigonga mlango. Picha zimeonyesha mfupa umeliwa kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Havitanyooka tena. Magoti yanaweza kupona, amesema, nikishika masharti. Vidonge nimerudia, wiki ya saba sasa, na Jumanne natapika kwa utii.

Daktari Kwanini nilimkuta anakula tufaha. Nilipomaliza kusema, lile tufaha lilikuwa limebadilika rangi mkononi mwake. Aliuliza kitu kimoja: "Na pale ukumbini, nilipotoka, uliwaambia?" Nikasema niliwaambia. Akasema, "Mimi ndiye niliyekusimamisha bila kuona hata karatasi moja ya hospitali. Niliamini fomu." Nilitaka kumgombeza, kwa sababu kosa likigawanywa huwa jepesi. Nikajizuia. Aliandika ule ukurasa mmoja. Dakika Tatu ameusoma, nimemsimamia. Wanapigiana simu sasa, kama wakwe, kwa adabu na kwa mashaka. Daktari wa meno amenisafisha fizi mara tatu, alishangaa bado nina meno. Na katika kurudisha vyakula, kimoja kimoja safari hii, wiki kwa wiki, nimegundua mkate hauna hatia hata kidogo. Nilikula vipande vinne, Shoga akanipigia vigelegele. Usingizi ndio wenye maana. Nikilala chini ya saa sita, daftari linaonyesha, vidole vinanilipisha.

Hospitalini nilikwenda kumwona mwalimu. Dada yake alinipisha kiti. Mwalimu amekatwa nywele, uso umevimba kwa dawa. Niliomba msamaha. Nilikuwa nimeuandaa vizuri, una mwanzo na mwisho. Alisubiri nimalize, kama anavyosubiri mtoto amalize kuhesabu. Kisha akauliza, "Ulijua?"

"Sikujua."

"Ulisema kama mtu anayejua."

Basi. Akageukia ukutani. Wiki iliyofuata nilirudi, hakunifukuza. Wiki iliyofuata tena alinituma maji. Figo hawajui bado. Zinafanya kazi nusu, wanasema, na kwa nusu nyingine wanasema tusubiri.

Jumamosi ya pili ya Agosti nilisimama tena kwenye ukumbi wa maktaba. Daktari Kwanini alisimama kwanza, akasema kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mgonjwa atakayeanza mpango wake bila kumletea dawa zote za hospitali kwenye mfuko, na jina la daktari aliyeziandika. Kisha mimi. Safari hii sikuchukua dakika ishirini. Nilinyoosha mkono, nikawaonyesha vidole viwili vilivyopinda. Nikasema: mikono mliyoipigia makofi ni hii. Nikawaambia mwalimu yuko wodi gani. Mtu mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Sasa tumwamini nani?" Nikamwambia usimwamini mtu yeyote anayekwambia achana na mwingine, nikiwemo mimi wa Aprili. Hakuna aliyepiga makofi. Wanawake wawili walitoka kabla sijamaliza. Nilidhani wamechukia. Walikuwa wanakwenda kumeza dawa, mmoja wao aliniambia baadaye kwenye ngazi.

Lakini mwanangu, waliokuja Agosti hawakuwa wote waliokuja Aprili. Nilimwomba mtunza maktaba daftari la mahudhurio la Aprili. Ni watu arobaini na mmoja, na kila mmoja ameandika mtaa wake. Shoga alisema tuwapigie simu. Nikamwambia hapana. Kwenye simu mtu anasema "niko salama," anakata. Mimi najua.

Kwa hiyo kila siku baada ya kazi, wawili au watatu, mguu kwa mguu. Kazi yenyewe sasa nakata kwa mkono wa kushoto, vibaya, na msaidizi wangu wa zamani ndiye anayerekebisha na kunicheka. Mwingine nikigonga hufungua, mwingine huchungulia dirishani. Bwana mmoja fundi bomba alinisikiliza akiwa chini ya sinki, hakutoka, akasema tu "nimekusikia, nipe spana." Mama mmoja aliniambia mimi ni kibaraka wa kampuni za dawa, tukabishana mlangoni saa nzima, nikafurahi kidogo, Mungu anisamehe, nilikuwa na hamu ya kugombana. Kati ya niliokwisha kuwaona, wanne walikuwa wameacha dawa. Watatu wamerudi kliniki. Wa nne nitarudi kwake Alhamisi, na Alhamisi inayofuata, mpaka anichoke.

Wamebaki kumi na wawili. Shoga amesimama mlangoni na koti langu, ananiambia kalamu chini, jua linaondoka. Wa leo anaishi ghorofa ya nne, na lifti yao imekufa tangu mwezi uliopita.

Napanda.

Mama yako